Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utamaduni wa kaunti yetu: mkimwalika malenga, mwacheni amalize

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Utamaduni,
Mkurugenzi wa Utamaduni,
na Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Kiswahili Duniani.

KUH: KUVUNJIWA HESHIMA KWA MALENGA WETU KATIKA SHEREHE ZA TAREHE 7 JULAI

Waheshimiwa,

Nawaamkua kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya umma humu kaunti, na siku ile nilikuwa uwanjani pamoja na wanafunzi wangu. Yaliyotokea niliwaandikia nyinyi kwanza, kimya kimya, kama inavyostahili. Barua yangu ina muhuri wa masjala yenu. Nilipofuatilia jibu niliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Nilipofuatilia tena, mkubwa yuko semina. Mwishowe karani mmoja, kijana mpole asiye na ubaya wowote, akanishauri niliache jambo hili kwa kuwa "mwenyewe hajalalamika".

Ni kweli hajalalamika. Nilikwenda kwake kumwomba ruhusa kabla ya kuandika haya hadharani, akanipa kwa sharti moja: nisimtaje. Anataka jina lake likae kwenye mashairi yake, lisikae kwenye malalamiko. Nyinyi mnalijua. Mmeliandika katika barua yenu ya mwaliko.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, acheni niseme alichosema, kwa sababu kelele za hema la mbele zilikuwa juu na sina hakika kama kiliwafikia.

Malenga huyu nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Nilipokuwa mtoto, redio ikimtangaza, mama alikuwa akitoa makaa jikoni ili chapati zisimwungulie wakati anasikiliza. Shairi lake moja nalifundisha hadi leo, na hulinakili ubaoni kwa mkono kwa kuwa halijachapwa popote. Siku ile alipanda jukwaani na buibui lake, leso begani, na daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa chuoni, yaani madrasa, wazee wengi wa rika lake hapa Pwani. Hakuanza kughani. Alianza kwa kuzungumza.

Mlimpa mada: "Utu na heshima katika lugha yetu." Aliichukua kama alivyopewa. Alisema kwamba kwao, mtoto akimbusu mkubwa mkono, mkubwa naye humwekea mkono kichwani akamwombea dua; heshima huenda na kurudi, na ikienda bila kurudi huwa ni woga. Alisema mtu anaweza kulala na njaa usiku mmoja, asubuhi akasahau, lakini akitukanwa mbele ya mwanawe hasahau hata akizeeka. Kisha akaeleza adabu ya kupiga hodi, ambayo kila mtu wa Pwani amelelewa nayo: unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Akauliza: kibanda cha mama anayeuza mchicha si mlango wake wa riziki? Mbona wanaokivunja alfajiri hawapigi hodi?

Hapo ndipo uwanja uliponyamaza. Wanafunzi wangu, ambao siku nyingine huwa nawatuliza kwa kiboko cha macho, waliacha hata kunong'ona. Akafungua daftari, akaghani. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Heshima si kuinama, mkubwa anapofika,
Wala si kusifu jema, na ovu kulifunika,
Ni kumwamkia mama, kapu lake akiweka,
Utu si wa kuusema, utu ni wa kutendeka.

Beti zikaendelea. Kuna ubeti wa bahari na mji wetu, mzuri ajabu, na nitaurudia hapa chini kwa sababu una kisa chake. Kisha akafika kwenye ubeti unaoanza, "Nanyi mloketi mbele," na kipaza sauti kikazimwa.

Sasa malalamiko yangu, waheshimiwa.

1. Mapokezi. Mwaliko wenu ulimtaka awepo saa tatu asubuhi. Alifika mapema, kwa matatu halafu bodaboda, kwa nauli yake, akiwa na mjukuu wake. Hakuna aliyempokea. Alielekezwa kwenye kiti cha plastiki nje ya hema, kwa kuwa viti vya ndani vilikuwa na karatasi za majina na lake halikuwamo. Alikaa juani hadi baada ya saa saba, mjukuu akimkinga kwa leso. Maji ya chupa yaligawiwa ndani ya hema tu. Ya kwake alipewa na mwanafunzi wangu mmoja, aliyeinuka bila kuambiwa na mtu, akampa shikamoo na chupa yake mwenyewe.

2. Kukatizwa. Hili ndilo lililonitoa kwangu, na naomba mlisome polepole. Anayejua shairi anajua kwamba mshororo una vipande viwili. Cha kwanza kinafungua, cha pili kinajibu, na vina vinavifunga pamoja. Malenga wetu alikatwa katikati ya mshororo. Alishatoa kipande cha kwanza, "Nanyi mloketi mbele," akavuta pumzi ya kipande cha pili, na mfawidhi wa sherehe akachukua kipaza sauti kingine akasema: "Tumpigie makofi shosho wetu, amechangamka leo!" Waliokaa mbele wakacheka. Muziki ukawekwa. Bibi wa miaka zaidi ya 70 akabaki jukwaani na daftari wazi, midomo yake ikitembea, sauti haifiki popote, mpaka mjukuu akapanda kumshika mkono.

Kumwita "shosho" mbele ya umati si kosa kwa kila mtu na kila mahali. Wako wanaowaita bibi zao hivyo kwa mapenzi. Lakini hapa kwetu mtu mzima huamkiwa, na malenga huitwa malenga. Mfawidhi alimgeuza kichekesho cha dakika moja ili watu wasitafakari walichokuwa wakiambiwa, na hilo nalisema kwa uzito wote.

Kukata shairi kabla ya kaditama, yaani tamati yake, kuna hasara nyingine ambayo kamati inayosimamia utamaduni ilipaswa kuijua. Tangu zamani washairi wengi wa Pwani wameweka majina yao katika beti za mwisho. Hapo ndipo mtunzi anaposema yeye ni nani, katoka wapi, na anaomba asamehewe alipokosea. Mlipomkatiza mlikata na jina lake.

Wanafunzi wangu walikuwa wakinakili. Nilipokusanya madaftari yao wiki iliyofuata, mmoja baada ya mwingine yaliishia hapo hapo: "Nanyi mloketi mbele," mkato, kisha mstari mtupu. Waliniuliza kilichofuata ni nini. Nimekisikia kutoka kwa malenga mwenyewe, lakini sitakiandika hapa. Kina mahali pa kusemwa, na nitaomba mahali hapo mwishoni mwa barua hii.

3. Video. Siku chache baada ya sherehe, kaunti ilisambaza mitandaoni video ya kutangaza utalii. Kuna picha za droni za ufuo, majahazi na hoteli, na chini yake sauti ya malenga wetu akighani ubeti ule wa bahari. Ubeti mmoja tu. Jina lake halipo mwanzoni wala mwishoni, na hakuulizwa. Majirani ndio waliomwonyesha kwenye simu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi bila kumtaka ajisajili kwanza, na inampa haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi na ya kupinga kazi yake ikikatwakatwa kwa namna ya kumharibia sifa. Shairi limeandikwa katika daftari lake kwa mkono wake. Hakuna utata wa nani mwenye mali.

Na liko jambo la ndani kuliko sheria. Beti za Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa na kufariki karibu mwaka 1840, zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, alihangaika kuzikusanya na kuzinakili, na akaliacha jina la Muyaka mahali pake. Mtu yule hakuwa na bajeti ya kaunti. Alikuwa na kalamu na uaminifu.

4. Malipo. Hakulipwa chochote, hata nauli. Aliambiwa "tutawasiliana". Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bendi iliyopiga siku ile ililipwa, na inastahili. Mwenye hema alilipwa, mwenye viti, mwenye vyombo vya sauti, aliyechapa fulana. Aliyetoka nyumbani na kazi ya miaka kichwani mwake akarudi kwa nauli aliyoazima kwa mjukuu.

5. Akina mama wa sokoni. Malenga alizungumzia jambo linaloonekana kwa macho. Mimi hupita sokoni asubuhi nikienda shule. Nimeona nyanya zimekanyagwa kwenye lami na mama anaziokota zilizobaki nzima moja moja, akizipangusa kwa pindo la leso, huku mwanawe wa darasa la kwanza au la pili, akiwa na sare, amesimama na begi mgongoni hajui aende shule au amsaidie mamake. Askari wa kaunti wana kazi yao na sheria ndogo za biashara zipo. Swali la malenga lilikuwa moja: kwa nini bila hodi? Bila ilani, bila saa ya kuhamisha bidhaa, bila maneno ya kibinadamu? Kuzimwa kwa kipaza sauti ndilo jibu pekee mlilolitoa hadi sasa.

Najua yatakayosemwa kujitetea, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa koridoni.

Mtasema muda ulikuwa umekwisha. Ratiba niliyonayo ilimpa malenga dakika ishirini. Hakuzifikisha. Hotuba za viongozi ziliandikiwa dakika tano kila mmoja, na sote tulikuwepo.

Mtasema mfawidhi aliajiriwa kutoka nje, wala hakutumwa na mtu. Basi aliyemwajiri ni nani, na ni nani aliyesimama pale mbele akasema, "Samahani, mrudishieni bibi kipaza sauti"? Mkurugenzi alikuwa hatua chache kutoka jukwaani. Sisemi haya kumwaibisha. Nasema kwa kuwa neno lake moja lingetosha, na kila mtu uwanjani alikuwa akilisubiri.

Mtasema mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na pesa za kaunti huchelewa kutoka Nairobi. Hilo ni kweli na kila mwalimu analijua. Lakini sherehe hii hainyemelei mtu. UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na tangu 2022 inaadhimishwa tarehe ile ile kila mwaka. Anayetaka kumlipa malenga humwandalia hati zake mwezi wa Mei, kama anavyofanyiwa mwenye hema.

Utetezi mkubwa utakuwa kwamba alitoka nje ya mada, aliingiza siasa katika siku ya lugha. Hapa sitapita haraka.

Tarehe 7 Julai yenyewe ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya mwaka 1954, TANU, chama cha Mwalimu Nyerere kule Tanganyika, ilipokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Kwetu Kenya tarehe hiyo ina uzito mwingine tena tangu Saba Saba ya 1990, watu walipotaka kukusanyika Kamukunji kudai vyama vingi wakakutana na virungu. Siku hii haijawahi kuwa ya kusifu lugha tu huku wenye lugha wakinyamaza. Nao ushairi wetu haujawahi. Muyaka alighani mambo ya utawala wa Mombasa wakati Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, wakivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na hakuna anayesema leo kwamba alitoka nje ya mada. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 kwa waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, akatunga akiwa gerezani, na mwaka 1974 mashairi hayo hayo yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais aliyekuwa madarakani alipofungwa. Diwani hiyo, Sauti ya Dhiki, tumeisoma na kuifundisha kizazi baada ya kizazi. Mnataka niwaambie wanafunzi kwamba mshairi huruhusiwa kusema ukweli akiwa kitabuni, ila si mbele ya viti vyenu?

Tena, waheshimiwa, mada mliitoa nyinyi. Utu na heshima. Mlitaka aizungumzie bila kumtaja mtu yeyote anayenyimwa?

Katiba ya mwaka 2010 haijaacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao na ana haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Hakikusema kila mwenye cheo. Mama wa mchicha yumo. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa hadhi na heshima. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka Serikali ikuze fasihi na sanaa. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Kwa hiyo nilipoleta barua masjala sikuja kuomba hisani. Nilikuja kwenye ofisi ambayo kazi yake ni hii.

Ninachoomba ni hiki.

Naomba malenga aombwe radhi, na aombwe radhi hadharani, kwa kuwa aliaibishwa hadharani. Mkurugenzi aende kwake kwanza, apige hodi, aketi, azungumze naye; kisha taarifa ya kaunti itoke ikieleza kilichotokea bila kuzungusha maneno. Msimwite ofisini. Ameshasafiri vya kutosha.

Naomba alipwe ada yake na nauli, kwa kiwango kile kile mnachomlipa msanii mwingine yeyote mliyemwalika siku ile, na iandikwe kuwa ni ada, si zawadi.

Naomba video ile iondolewe mpaka mwenyewe akubali itumike. Akikubali, jina lake liwekwe kwa herufi zinazosomeka, na alipwe. Akikataa, asibembelezwe.

Naomba kaunti iandike utaratibu mfupi wa kuwaalika washairi na wasanii wazee, ukurasa mmoja unatosha: nani atawapokea, watakaa wapi, watapewa dakika ngapi, watalipwa lini, na kwamba mfawidhi hana ruhusa ya kuzima kipaza sauti cha mtu aliyealikwa kuzungumza. Walimu wa Kiswahili tuko tayari kusaidia kuuandika bila malipo.

Naomba afisa anayesimamia askari wa kaunti akutane na wanawake wa sokoni, pale sokoni, akiwa na jibu la swali la hodi. Wanachotaka wameshakisema mara nyingi: ilani ya maandishi, muda wa kuondoa bidhaa, na sehemu ya kuuzia ambayo wateja hupita.

Na naomba malenga apewe nafasi yake. Sitaki sherehe nyingine ya mahema. Ukumbi wa maktaba ya kaunti unatosha, au uwanja wa shule yetu, alasiri moja ya Jumamosi. Akija, viongozi waketi mbele kama walivyoketi siku ile, na yeye aanze shairi upya mpaka kaditama. Kipande cha pili cha mshororo ule kinawahusu, na ni haki yao kukisikia. Niseme tu kwamba si matusi. Malenga huyu hajawahi kumtukana mtu katika umri wake wote wa kutunga.

Pamoja na barua hii nimeleta masjala ombi la pili, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, nikitaka nakala ya bajeti ya sherehe na mkataba wa mfawidhi. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Jibu la maombi mengine nitashukuru likija ndani ya muda huo huo, kwa maandishi. Msinipigie simu. Jina langu kamili, namba ya utumishi na anwani ya shule vimo katika barua mliyonayo, na nitakuja masjala mwenyewe kuchukua jibu.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mwalimu wa Kiswahili

Nakala: Kamati ya Bunge la Kaunti inayohusika na Utamaduni